Karatasi ya Mahudhurio

Mimi ni fundi, nisianze kwa uongo.
Nusu ya kuta za Pasua na Njoro nimezipiga plasta mimi,
na kila ukuta umemeza kipande cha mto huu.
Mchanga mzuri naujua kwa kuusugua kiganjani:
ukilia kama sukari chini ya meno, beba;
ukinyamaza na kuacha doa, huo ni udongo, utakuumbua.

Tulichota kwa koleo, na punda wawili wa Mzee Kiwelu.
Masika yakija, mlima unasagika huko juu
na mto unatuletea tena.
Lilikuwa deni dogo, la kulipika.

Alhamisi wakaja na turubai, viti vya plastiki,
soda za baridi, ramani ya rangi.
Mto wetu umepigwa mstari mwekundu
kutoka darajani hadi kwenye majaruba ya Apaikunda.
"Mita sita kwenda chini," akasema kijana wa kampuni,
kizibao cha njano, sauti ya upole.
"Malori arobaini kwa siku. Athari ni ndogo, zinadhibitika."

Arobaini.
Nikaikumbuka nguzo ya daraja. Tuliizika futi nane,
zege nilichanganya mwenyewe.
Leo imesimama magoti nje, kama mtu aliyeibiwa suruali,
na hiyo ni kazi ya fuso za usiku tu, zisizowasha taa.
Kibali bado.
Sikusema. Mwenyekiti alikuwa anapiga makofi.

Apaikunda hakusimama. Aliongea amekaa,
matope ya palizi yamemkaukia miguuni.
"Mwanangu, mwezi wa tisa unaujua mto huu?"
"Tunajua, mama, unakauka. Ndiyo maana tutachimba kiangazi,
hatutagusa maji."
"Haukauki. Unajifunika.
Sisi tunafukua mpaka kwenye kiwiko, tunasubiri,
maji yanapanda yenyewe, baridi,
kama yametoka Kibo jana.
Sasa wewe ukibeba godoro na blanketi,
maji yatalala wapi?"

Kijana akafungua kabrasha,
akapekua, akalowesha kidole, akapekua tena.
Kisha akauliza kama kuna swali jingine.

Ndipo ikapita karatasi.
Jina, kitongoji, sahihi.
"Ni mahudhurio tu, ya posho."
Nani ana cha kuandikia?
Mimi. Penseli yangu bapa hukaa sikioni hata kanisani.
Nikasaini wa kwanza.
Elfu tano, na soda ya chungwa.
Penseli ikazunguka mkutano mzima
ikanirudia butu.

Jumanne tangazo likabandikwa mlangoni kwa mtendaji:
wananchi mia moja na kumi na wawili wameridhia mradi.
Nikasoma majina. La kwanza langu,
na ile *k* yangu yenye mkia.
Juu yake kichwa cha habari, kwa wino wa bluu,
kilichoandikwa sisi tukiwa tumeshakwenda nyumbani.

Apaikunda hajanisema.
Alinipita njiani na ndoo, akanisalimu,
na salamu ile bado inaniwasha.

Chumba cha binti yangu Aikande hakijapigwa plasta.
Kinataka tripu mbili za mchanga, na natoa wapi,
kama si hapa?
Hilo nalo nimekuja nalo mtoni,
silifichi.

Nimepiga magoti tangu jua lizame.
Nimefukua mpaka kwenye kiwiko.
Kwanza ubichi. Halafu jasho.
Halafu maji yakaja taratibu,
kama mtu aliyeamshwa anayeuliza ni nani.
Mkono mmoja umo ndani yao.
Mwingine umeshika daftari la vipimo, nimeanza:
*Mimi niliyeandikwa wa kwanza, sikuridhia,
nilihudhuria.*

Kwa penseli, nayo hufutika.
Asubuhi nitapita kwa Apaikunda.
Mjukuu wake yuko darasa la sita,
hakosi kalamu ya wino.